Muungurumo Namba Kumi na Saba

1

Kwa miaka kumi na tatu kazi yangu imekuwa kuwaambia watu wasiguse. Nafika kwa mtu, natundika runinga ukutani, naiweka kwenye Otomatiki, kisha namkabidhi mwenye nyumba rimoti na kumwomba kwa heshima zote atumie kitufe cha kuwasha na cha kuzima, basi. Menyu za runinga hizi zina ghorofa saba kwenda chini. Nimeona watu wazima, wenye familia na mashamba ya parachichi, wakiingia humo kutafuta namna ya kupunguza kelele za matangazo ya biashara, wakatoka baada ya saa nzima na runinga inayoongea Kireno.

Ndiyo maana nilipopewa jina la Mwalimu Damari Mligo nilipanda kilima chake nikiwa nimeshakasirika. Ubao wa ofisini ulionyesha kuwa runinga yake imetolewa kwenye Otomatiki mara arobaini na moja katika siku arobaini na moja, kila siku saa tatu asubuhi. Na kwenye karatasi ya kazi palikuwa pameandikwa: mteja haoni. Nikajua nitakachokikuta. Bibi wa watu anapapasa rimoti, anabonyeza ovyo, mashine inachanganyikiwa. Ningeifunga menyu kwa namba ya siri, ninywe chai yake, nishuke zangu mjini.

"Kamwene," nilisema mlangoni, salamu ya kwetu, kisha nikaongeza, "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Vua viatu, fundi, sakafu imetoka kupigwa deki. Jina lako?"

"Lustika Sanga."

"Sanga wa Makete?"

"Baba ndiye wa Makete. Mimi nimezaliwa hapahapa Njombe."

"Basi kaa, Lustika. Umekuja kunifungia menyu."

Nilikuwa sijasema hivyo. Nilikaa. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka sabini na tisa, amevaa sweta mbili na kofia ya sufu, na rimoti ilikuwa mapajani mwake pamoja na sahani ya viazi vya kuchemsha. Mji mzima unamjua. Kwa miaka thelathini na minane alifundisha Kwaya ya Bondeni, kwaya ya wafanyakazi wa kiwanda cha mbao, na macho yalipomwacha miaka tisa iliyopita akawaachia wengine.

"Nikuonyeshe kwanza," alisema. "Ukishaona, kama unataka kufunga, funga."

Akaanza kubonyeza. Hapa inabidi nieleze kitu kidogo kuhusu rimoti zetu. Kitufe cha kushuka kinalia do. Cha kwenda kulia kinalia mi. Cha Sawa kinalia so. Wahandisi waliiweka milio hiyo kama pambo tu, na mteja wa kawaida huizima siku ya kwanza kwa sababu inamkera. Mwalimu Damari hakuizima. Aliyefundisha watu kuimba kwa noti za do-re-mi maisha yake yote hawezi kusikia do, mi na so halafu akazichukulia kama kero.

Do, do, so. "Sauti," alisema Msomaji, yule mwanamke wa ndani ya runinga anayewasomea menyu wasioona. Mi, so. "Sauti ya Ziada." Do, do, do, so. "Tabaka." Mi, mi, so. "Orodha ya Mji."

"Huyu dada anaweka mkazo mwanzoni mwa neno kama mgeni," Mwalimu alisema bila kusimama. "Nimemrekebisha mpaka nimechoka."

Do, so. "Mabaki."

Mimi ni fundi mwenye cheti, na huko Mabaki sijawahi kufika bila kitabu mkononi. Yeye alifika huku akimenya kiazi kwa mkono wa pili. Kisha akakiweka kiazi chini, akavuta pumzi, na kushuka ngazi moja moja, do nne, nne, nne, nne, na moja ya kumalizia, dole gumba la mguu likipiga mapigo sakafuni. So.

"Muungurumo," alisema Msomaji. "Namba kumi na saba. Aina: mashine. Chanzo: msumeno. Hali: umeondolewa."

"Umesikia? Sasa sikiliza." Akaiita rekodi ya mwezi uliopita, Kwaya ya Bondeni ikiimba kwenye ukumbi wa mji. Ilikuwa nzuri, safi, nyembamba kidogo, kama ninavyoisikia siku zote nyumbani kwangu. Kisha akabonyeza Sawa mara moja. "Umerudishwa," Msomaji alisema, na chini ya uimbaji ule akaingia mwanaume.

Sina namna nzuri ya kuieleza sauti ile. Ilikuwa nzito na yenye mikwaruzo, lori linalopanda mlima Kitonga na mzigo, na kabla ya kila mstari ilitangulia kwa "mmm" ndefu, neno likazaliwa humo ndani. Wimbo wote ukapata pa kukaa.

"Huyo ni msumeno?" Mwalimu aliniuliza.

"Hapana, Mwalimu."

"Huyo ni Ezekia Mlowe. Ndiye pekee aliyebaki sauti ya nne. Miaka miwili sasa hasikiki katika nyumba yoyote ya mji huu isipokuwa hii. Kila alfajiri Otomatiki yenu inamwondoa, na kila asubuhi nikishakunywa chai namrudisha."

Nilimpenda papo hapo, niseme ukweli. Nilikuwa nimepanda kilima kumfungia mlango mtu pekee anayezijua ngazi.

"Ulifikaje huko?" niliuliza.

"Kwa kupotea. Mwanzoni nilijaribu kuiambia kwa mdomo, nikasema: ongeza sauti ya nne. Ikaniwekea sauti kwenye nne, nikawa sisikii kitu. Nikasema hapana, sauti ya nne, besi. Ikapandisha besi mpaka vikombe vikacheza kabatini. Nikaona huyu hajawahi kuimba kwaya, tutumie vidole. Nikaanza juu, nikashuka mlango kwa mlango. Ilinichukua wiki tatu."

Alisema wiki tatu kama mtu anayesema alikwenda dukani. Kisha akanigeuzia uso.

"Ninachotaka kujua ni nani aliyeandika hapo msumeno."

Nilikuwa namjua.

Kipindi kikirushwa siku hizi kinafika nyumbani kibichi, kila sauti kwenye tabaka lake, na runinga ndiyo inayopika: inaamua kipi ukisikie na kipi kitupwe. Ili ijue cha kutupa, kila mji una orodha yake ya kelele. Ya Njombe ilikusanywa na fundi kijana aliyekuwa na mwezi mmoja kazini, aliyezunguka na kinasa sauti akirekodi mvua juu ya bati, majenereta, mbwa wa kituo cha mabasi. Siku ya kiwanda cha mbao kulikuwa na tope hadi kwenye vifundo vya miguu. Fundi yule alivaa viatu vipya. Akasimama getini, akasikia muungurumo ukitoka kwenye banda la kukaushia, akarekodi, akaandika "msumeno", akaondoka.

"Ilikuwa saa ngapi?" Mwalimu aliuliza nilipomaliza kumweleza.

"Mchana. Saa saba hivi."

"Saa saba misumeno inazimwa, Lustika. Ni saa ya chakula. Ni saa yetu ya mazoezi." Aliongea polepole. "Tulifundishana kwenye banda lile. Asubuhi nzima msumeno mkubwa unalia noti moja, hauchoki. Nikawaambia sauti ya nne waichukue noti yao pale, wafunge midomo, waanze na mmm kabla ya neno, ili hata umeme ukikatika noti isiwapotee. Uliwarekodi wanne. Watatu wameshazikwa."

Kwa miaka kumi na moja orodha yangu ilikuwa inapunguza tu. Toleo jipya la miaka miwili iliyopita ndilo lililoanza kufuta kabisa. Nilimweleza hilo pia, nikijua halinisafishi.

2

Ijumaa saa saba na robo Ezekia Mlowe alikuja kutoka kiwandani na vumbi la mbao kwenye nyusi. Alikuwa mzee mpana, mtaratibu, aliyekataa kukaa kwenye kiti cha kitambaa kwa sababu ya suruali yake. Mwalimu alimweleza yote. Mimi nilimweleza yangu.

Alinigeukia. "Kwa hiyo si kwamba nimezeeka."

"Si kuzeeka, baba."

"Festo ameniambia miaka miwili: mazoezini unasikika, hewani husikiki. Mke wangu naye ananiangalia kwenye runinga, anasema nafungua mdomo tu. Nikajua imekwisha."

Mwalimu alinyoosha mkono kwenye rimoti. "Nikusikilizishe?"

"Hapana, Mwalimu." Alisema haraka. "Kama ni mbaya kweli, niache niimbe Jumapili kwanza."

Jumapili ndiyo ilikuwa shida yetu. Festo, mwalimu wa sasa wa kwaya, alikuwa ameamua kwamba baada ya tamasha la Jumapili Ezekia atakaa pembeni, na sauti ya nne itaimbwa na mashine. Tulimpigia simu, tukamwekea rekodi mbili, ile ya Otomatiki na ile yenye Ezekia. Aliomba turudie ile ya pili.

"Namsikia," alisema. "Mungu anisamehe, namsikia. Lakini Mwalimu, kwaya hainiimbii mimi. Kuna nyumba elfu sita zinasikia kwaya isiyo na msingi, na kila tamasha wananiambia mmepwaya. Sauti ya mashine wataisikia. Nifanye nini, nipite mlango kwa mlango?"

Hakuwa mtu mbaya Festo. Ningependa awe, ningekuwa na wa kumlaumu.

Nilikata simu, nikatoa kishikwambi changu cha kazi. Nilikuwa nimeliwaza jambo hili usiku kucha.

"Nina ufunguo wa fundi," nilisema. "Barua ya kuomba marekebisho inachukua miezi mitatu. Huu ufunguo ni sekunde moja. Nabonyeza hapa, namba kumi na saba inafutika kwenye orodha ya mji mzima. Nyumba zote elfu sita zinamsikia baba Jumapili."

"Watu wataombwa ruhusa?" Mwalimu aliuliza.

"Hapana. Kanuni inataka waombwe, ila ufunguo haumwulizi mtu."

"Na wewe ulipomwondoa, uliwaomba?"

"Hapana."

"Basi utakuwa umefanya kilekile mara mbili."

Nilikasirika. Nilimwambia si kilekile, mara ya kwanza nilikosea na safari hii nasahihisha. Akauliza watu watajuaje tofauti, ikiwa wao wamekaa tu na masikio yao yanabadilishwa na mtu aliye ofisini. Nikamwambia hayo ni maneno mazuri ya mtu asiye na cha kupoteza, kwamba sisi tutabaki na uadilifu wetu na mzee huyu atabaki bila kwaya. Nilimjibu vibaya, mtu wa umri ule. Hakukasirika. Alizungusha rimoti mapajani, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue niliona kwamba hajui.

"Hilo ni kweli," alisema. "Aulizwe mwenye sauti."

Ezekia alikuwa bado amesimama karibu na mlango. Alijifuta nyusi.

"Fundi, wewe unapokwenda kwa mtu unafanyaje?"

"Napiga hodi."

"Na wasipojibu?"

"Napiga tena. Hata mara tatu. Kisha naondoka."

"Mimi nataka kupigiwa hodi. Nimetolewa kwenye nyumba za watu wakiwa hawajui, sitaki kurudishwa kwa dirishani kama kibaka. Wakisema karibu, nitaingia. Wakinyamaza, nitakaa nyumbani na mke wangu, lakini nitakuwa nimebisha."

Niliweka kishikwambi chini. Kuna kanuni nyingine, nikawaambia, ambayo hakuna anayeitumia: nyumba elfu moja za mji zikirudisha kitu kimoja kwa mikono yao ndani ya siku moja, kinatoka kwenye orodha moja kwa moja na Otomatiki haikigusi tena. Hakuna anayeitumia kwa sababu hakuna watu elfu moja wanaoweza kufika Mabaki. Sijui hata kama wapo watano.

"Watu elfu moja wa Njombe," Mwalimu alisema. "Waliolelewa kwenye kwaya." Alianza kutabasamu. "Jumapili nimepewa dakika tatu za kuutambulisha wimbo. Wewe utasema ulichofanya. Mimi nitawaimbia njia."

"Niseme mbele ya mji mzima?"

"Mficha uchi hazai, mwanangu."

3

Ukumbi ulijaa. Nilisimama jukwaani kando ya Mwalimu Damari, mbele ya kamera, nikiwa na viatu vizuri ambavyo kwa mara ya kwanza viliniaibisha. Nilisema kwa sentensi nne: kwamba mimi ndiye niliyeandika orodha ya kelele za mji huu, kwamba niliwaita waimbaji wanne msumeno kwa kuogopa tope, kwamba runinga zao zimekuwa zikimfuta aliyebaki, na kwamba sitamrudisha bila idhini yao. Bosi wangu alianza kupiga simu nikiwa kwenye sentensi ya tatu. Niliisikia ikitikisika mfukoni.

Mwalimu akashika kipaza sauti.

"Hamjambo. Chukueni rimoti. Wale wa Otomatiki, ambao ni ninyi nyote, msiogope, haiumi. Anayeshuka ni do. Anayekwenda kulia ni mi. Sawa ni so. Bonyezeni alama ya mipangilio, kisha tuimbe."

Akaimba. Alikuwa ameigeuza njia ile kuwa wimbo, na wimbo wenyewe ulikuwa mzuri, Mungu wangu, ulikuwa mzuri. Do, do, so. Mi, so. Kila ghorofa ilikuwa mstari wake na mwisho wake. Alisimama baada ya kila mmoja kuwapa nafasi waliochelewa, akawataja kwa aina: "Wazee wa mstari wa nyuma, mmefika? Akina mama wenye watoto mgongoni, tunawasubiri." Sauti yake ya miaka sabini na tisa ilipasuka kwenye so ya pili, naye hakujali. Nyuma yake kwaya ilianza kumfuata taratibu, na watu waliokuwa ukumbini, ambao hawakuwa na rimoti yoyote mkononi, walikuwa wanabonyeza hewa kwa vidole gumba. Alipofika kwenye do kumi na saba alizigawa nne nne, akazipigia makofi, na ukumbi wote ukashuka naye. Nimefanya kazi na menyu zile miaka kumi na tatu nikiziita msitu. Alizifanya wimbo wa Shule ya Jumapili.

Kisha akasogea pembeni, Festo akainua mikono, na kwaya ikaanza.

Nilikimbilia chumba cha nyuma na kishikwambi. Idadi ilikuwa nane. Ikawa thelathini na mbili. Ezekia alitangulia na mmm yake ya ubeti wa kwanza, na idadi ikaruka hadi mia nne na kumi. Nilikaa juu ya kreti la soda. Mia sita. Mia saba na tisini. Ubeti wa tatu ulipoisha ilikuwa mia tisa na tatu, makofi yakapigwa, na idadi ikasimama.

Simu zilianza kuingia za watu waliopotea. Mmoja alikuwa amerudisha namba kumi na nane, na nyumba yake yote ilikuwa imejaa kuku. Mwingine alitaka kujua kama ni lazima aimbe, au kubonyeza kunatosha. Niliwaongoza mmoja mmoja. Mia tisa na kumi na tisa. Tamasha liliendelea na kwaya nyingine, watu wangekwenda kupika, na kesho alfajiri Otomatiki ingewarudishia wote kimya chao.

Kitufe cha ufunguo kilikuwa pale kwenye kioo, chekundu. Nyumba themanini na moja. Nani angejua? Ningebonyeza, ningesema mji umeitikia, Mwalimu angefurahi, Ezekia angekuwa na kwaya yake. Niliweka kidole juu yake. Sitajifanya kwamba nilikiondoa upesi. Nilifikiria mzee yule anarudi nyumbani kwa mkewe na miaka iliyombakia, na nikaona kidole changu kinataka haki kuliko mimi. Kisha nikawaza kwamba angesema asante. Angeshukuru mji mzima kwa kumkaribisha, na mimi peke yangu ningejua kwamba hakukaribishwa. Hilo sikuliweza.

Nikampigia mama yangu.

"Mama, umefungua?"

"Nimejaribu, nimeishia kwenye Lugha. Inaniuliza kama nataka Kireno."

"Bonyeza Rudi mpaka juu. Tuanze. Do, do, so."

"Usiniimbie haraka, Lustika."

Nilimwimbia polepole. Alipofika, kituo kilikuwa kinarudia vipande vya nyimbo zilizopita, na akasema, "Huyu si Ezekia wa kiwandani? Nilidhani alishafariki." Akakata simu bila kuniaga. Dakika mbili baadaye idadi ilianza kutembea tena, moja moja, nyumba za mtaa wa mama zikifuatana. Mama yangu ana sauti ya kuvuka ua, na majirani wanaomwogopa. Kisha mtaa wa chini ya hapo. Watu walikuwa wanaimbiana njia juu ya mabati ya uzio.

Saa kumi na dakika ishirini kishikwambi kiliandika: "Njombe. Namba kumi na saba. Imeondolewa kwenye orodha." Nyumba zilikuwa elfu moja na sita. Nililia kidogo juu ya kreti la soda, kisha nikapokea simu ya bosi. Alisema Jumatatu nisije na mkoba wa vifaa, nije mwenyewe tu. Nikamwambia sawa.

4

Marudio yalikuwa saa kumi na moja, tukayatazama nyumbani kwa Mwalimu Damari. Festo alikuja na Ezekia. Jua lilikuwa bado kwenye madirisha. Safari hii Ezekia alikaa kwenye kiti cha kitambaa, kwa kuwa alikuwa na suti ya kwaya, akaweka mikono juu ya magoti.

Runinga ilikuwa kwenye Otomatiki. Mwalimu hakugusa kitu.

Kwaya ikaanza, na mmm ikatoka ukutani, pana, yenye mikwaruzo, ikakijaza chumba. Festo aliinamisha kichwa. Mwalimu alikuwa anatabasamu kuelekea upande wa mzee, si wa runinga. Mimi nilimtazama Ezekia, kwa sababu nilitaka kuuona uso wa mtu anayejisikia baada ya miaka miwili. Nilitaka afurahi, nadhani nilitaka anisamehe.

Uso wake haukubadilika. Ubeti wa pili ulipoanza alikunja paji la uso. Wimbo ukaisha.

"Mzee," Festo alisema, "nimekukosea sana."

Ezekia aliinua kiganja kumnyamazisha. "Rudisha ubeti wa pili."

Mwalimu akaurudisha. Ezekia alisikiliza akiwa ameinama mbele, sikio moja limeelekezwa ukutani.

"Nimechelewa kuingia," alisema.

"Umechelewa," Mwalimu alikubali. "Nusu pigo."

"Na ule wa tatu nimeubana kooni."

"Umeubana, ndiyo."

"Tangu lini?"

Mwalimu Damari alifikiri. "Siwezi kukuambia uongo. Kwa rekodi nilizozirudia, karibu mwaka mzima. Sikukutafuta kukuambia, nilikuwa na furaha tu kwamba upo."

Ezekia alikuwa anamtazama Festo sasa, na sauti yake ilipotoka ilikuwa imejaa kitu ambacho mwanzoni nilidhani ni hasira. "Mwaka mzima nakosea hewani," alisema, "na hakuna aliyeweza kunisikia nikikosea."

Alisimama, akavua koti la suti, akalitundika vizuri mgongoni mwa kiti. Akaenda katikati ya chumba, mbele ya mwalimu wake, akatanua miguu kidogo kama wasimamavyo waimbaji.

"Nipe noti, Mwalimu," alisema. "Tuanzie ubeti wa pili."